Karamu ya Mama Wangechi

Nyambura aliniuliza swali lile nikiwa nimeinamia sufuria ya njegere, na mwanzoni nilidhani nimesikia vibaya. Tulikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, Gatongora, pembeni mwa Ruiru, siku moja kabla ya mazishi. Mimi nilikuwa nimefika mapema na watu wangu kupanga majiko, kwa maana kazi yangu ni kupikia watu: harusi, ruracio za kupeleka mahari, matanga, na kila aina ya kukusanyika iliyo katikati. Mama Wangechi alinilaza kwake mwaka mzima nilipokuwa msichana, akanilisha, akanikemea, na sasa alikuwa mochari nami nilikuwa namkatia vitunguu vyake vya mwisho. Nilikuwa na huzuni na sikutaka kuongea na mtu. "Auntie Mutheu," Nyambura akasema, "leo niambie ukweli. Kwa nini ulikataa karamu ya Mama?" Nikamwambia sijawahi kukataa karamu ya mtu yeyote, sembuse ya mama yake, karamu ndizo zilizonisomeshea watoto. Akacheka kwa pua, vile vile alivyocheka mama yake. "Aca, sio hiyo ya kukula. Karamu ya kuandika. Ile ya ofisi, kule Thika." Nikasimama wima. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi kwenye kiatu changu na sikuuondoa.

Nieleze kidogo kwa asiyetoka pande zetu. Katika lugha ya Mama Wangechi, Kikuyu, hakuna L, na katika lugha yangu, Kikamba, hakuna R. Yeye aliniaga jioni kwa "rara sarama", na sisi nyumbani kwetu tulitembea kwenye "balabala" na "lafiki" zetu. Tofauti ni kwamba mimi nilichapwa nikaacha. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mwembamba aliyevaa kofia hata darasani, alituimbisha kila asubuhi: kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula; mahali ni pa kukaa, mahari ni ya kuolea. Aliyekosea alinyoosha mkono. Nikamaliza shule na ulimi ulionyooka na majivuno ya kunitosha miaka kumi, na nilipofika Ruiru kichwa changu kilishinda kikimsahihisha mwenye nyumba kimyakimya. "Kuja ukure," kula. "Funga mrango," mlango. "Rakini wewe Mutheu," lakini. Sikuwa na ubaya, ni vile tu sikujua kuacha kitu kilivyo. Na jambo lingine: kule Ruiru hakuna mtu aitaye sherehe karamu. Watu husema sherehe, husema pati, husema tu "kuna kitu kwa fulani". Karamu ya kula ni neno la kitabuni, na katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyetembea nalo kichwani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe mbele na mabati nyuma. Sebuleni makochi yote yalivikwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono, hata redio ilikuwa na chake, na ukikaa vibaya kitambaa kikakuangukia shingoni Mama Wangechi alikirudisha mahali pake bila kukatiza maneno yake. Mimi nililala stoo. Palikuwa na kitanda, magunia ya mahindi na maharagwe, jembe, na dirisha dogo lililotazama mfereji wa ploti, ambapo wanawake walifua wakisimuliana mambo ya nyumba ambazo hazikuwa zao. Kati ya stoo na sebule palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba zilizopigiliwa kwa haraka, na kwenye nyufa zake ulipita mwanga, harufu ya chai, na kila neno. Jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mimi nilitamani muthokoi wa kwetu, nikimwambia hivyo alisema hayo ni mahindi yaliyovuliwa nguo, na mtu mwenye heshima hawezi kuyala. Nyambura alikuwa shule ya bweni, kwa hivyo mara nyingi tulikuwa sisi wawili tu, bakuli mbili na redio. Asubuhi alienda Thika, alikokuwa akifagia na kupiga deki ofisi za kiwanda kimoja, na heshima yake yote alikuwa ameiweka kwa watu walioketi ndani ya ofisi hizo. "Mtu wa ofisi," aliniambia, "mambo ya jua anasikia tu kwa redio."

Taabu yangu mwaka ule ni kwamba nilipenda vitu vingi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu hazikuwa za kufukuzwa wala za kuitwa, na nilikuja Ruiru nishike kitu. Nikavishika. Nilianza na ushonaji, kwa mama mmoja aliyekuwa na cherehani mbili karibu na soko. Nilipenda ule mlio, nikapenda chaki ya kuchorea, na nikahangaika na kola ya shati mpaka nikaiota. Halafu siku moja nikaishona, ikalala shingoni kama ilizaliwa pale, na kitu ndani yangu kikainuka kikavaa viatu. Sikuacha kwa uvivu, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Niliacha siku niliyoelewa. Nikaenda Thika kwa fundi wa mabango, mzee aliyeandika majina ya hoteli na bucha kwenye kuta, nikajifunza kuchora herufi kubwa kwa brashi. Herufi ngumu kuliko zote ni S. Nyingine zina mifupa, S haina. Nilipoiweza S, nikaanza kuangalia nje. Nikarudi Ruiru nikaanza kushinda kwa kijana wa kutengeneza redio, na kwa kujiamini nikaifungua ya Mama Wangechi mezani, nikaifunga, na kuanzia siku hiyo ilishika stesheni moja tu, ya mahubiri. Akanisamehe kwa sababu ilikuwa ya mahubiri. Nikaenda Theta kufuga kuku wa watu, nikarudi nikinuka. Kwaya niliimba sauti ya pili, nikahamia ya kwanza, kisha nikataka kuongoza, wakaniomba niketi.

Majirani pale mferejini waliulizana, "Mutheu ameshika nini wiki hii?" nami niliwasikia dirishani. Mama Wangechi aliniambia mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu mkaa bure si sawa na mtembea bure. "Wewe hutembei," akasema, "unaruka kama panzi." Tulicheka, lakini mimi kicheko changu kilikuwa cha juu juu. Wenzangu wa darasani walikuwa wameanza vyuo, mmoja uuguzi, mwingine ualimu, na kila mmoja alikuwa na jina moja la kujiita. Mimi nikiulizwa nafanya nini ilinibidi nianze na "kwa sasa". Niliogopa. Nililala stoo na moyo ukinienda kama wa mtu aliyeacha sufuria motoni na hakumbuki ni katika nyumba gani. Nilifikiri kuna kitu ambacho watu wengine wote walizaliwa nacho, kama kisigino, mimi nikasahauliwa. Na siku moja, tukila mukimo, Mama Wangechi akaweka kijiko chini akasema bila hasira, "Mutheu, ikifika Krismasi uwe na kitu kimoja. Kimoja. Sio kimoja na nusu. Kama hakuna, nitaambia mama yako akuchukue urudi shamba, kwa sababu hapa nitakuwa nakuharibu." Hakuwa mtu wa vitisho. Nikajua Krismasi hiyo ikinikuta mikono mitupu nitakuwa narudi kupalilia mbaazi, na kwamba nikirudi sitatoka tena.

Mwezi wa nane kwaya yetu iliitwa kuimba kwenye harusi hapa hapa Ruiru. Tulipomaliza zamu yetu nikazunguka nyuma ya hema, maana sikuweza kuketi nikitazama keki, nikamkuta Mama Zippy. Yeye alikuwa mpishi wa harusi kutoka Thika, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na siku hiyo msaidizi wake mmoja hakuwa amekuja na mwingine alikuwa amejichoma. Akaniona nimesimama na robe yangu ya kwaya. "Wewe umekuja kuona moshi? Hujawahi ona? Vua hiyo gauni ya malaika ukuje ushike hapa." Nikavua. Nikakoroga pilau kwa mwiko ulionizidi kimo. Kitambaa cha meza kuu kikawa kimefumuka upindo, nikaomba sindano nikakaa chini nikakipinda. Spika ikakatika bibi harusi akiwa katikati ya shukrani, nikaifuata waya nikakuta mahali palipokanyagwa, nikaifunga tena, na mara hii haikushika mahubiri. Watu wakikisikia kisa hiki hupenda niseme kwamba siku ile kila nilichojifunza kilipata kazi yake. Si kweli. Kuku wa Theta hawakunifaa kitu, na S yangu hakuna aliyeihitaji. Lakini kilichonishangaza ni kwamba jua lilitua na mimi sikuwa nimetazama nje hata mara moja. Kila nilipokaribia kuelewa kitu, kitu kingine kiliharibika. Mama Zippy akanifungia pilau kwenye karatasi ya nailoni akasema, "Nina ingine Thika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukitaka, kuja. Usipokuja sitakulilia." Nilirudi nyumbani nikinuka moshi na furaha ikanizuia kula.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Mzee Njoroge alikuja kunywa chai. Alikuwa mzee wa kanisa na karani mkuu katika ofisi alizofagia Mama Wangechi, mtu mpole mwenye koti la kijivu aliyekunywa chai kwa kuivuta. Mimi nilikuwa stoo nachambua maharagwe. Sikuwa nasikiliza, ila ukuta ule haukukupa nafasi ya kutosikiliza. Nikasikia jina langu. Mzee akasema, "Huyo mtoto ako na mikono mingi." Mama Wangechi akasema, "Mikono ni mingi, rakini mimi nimemuangaria. Huyo ni wa karamu. Mweke kwa mambo ya karamu, utaona ametulia." Maharagwe yakanitoka mkononi. Mzee akavuta chai. "Karamu inataka mtu hachoki," akasema. "Hachoki, huyo." "Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi aje Thika asubuhi, tumuone." Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Thika. Mimi niliyemsahihisha mwanamke yule tangu Januari, mrango mlango, kura kula, siku hiyo nikasema moyoni: leo Mama Wangechi ametamka neno sawasawa. Haikunijia hata kidogo kujiuliza karani mkuu anahusikaje na pilau; nilidhani yeye ni jamaa ya wenye harusi. Nilisikia nilichotaka kusikia. Lakini zaidi ya hapo, na hili nalisema kwa sababu ndilo lililonishika miaka yote, nililia pale juu ya gunia. Mwaka mzima nilikuwa nimeambiwa nishike kitu. Hakuna aliyekuwa amenitazama akaniambia ni kipi. Na hapa mtu amenitazama, kimya kimya, nikipita na ndoo, nikivunja redio yake, na ameona.

Jioni ya Ijumaa akaniambia mwenyewe. Alikuwa anapiga pasi, akanyoosha mkono kuchukua sketi yangu ya kanisa akaipiga pia. "Kesho ni ire mambo ya karamu, Thika. Uvae hii. Mimi natangulia, nianze kazi yangu, tutapatana huko. Unajua pahali?" Nikamwambia najua. Mama Zippy alikuwa ameshanielekeza. Jina la Mama Zippy sikulitaja, kwa kudhani halihitaji kutajwa. Nilishangaa kidogo kuvaa sketi ya kanisa kwenda kukaa kwenye moshi, nikadhani labda nitawekwa kupakua meza kuu. Nikaenda. Nikapika. Mara moja moja niliinua macho kutafuta kitambaa chake cha kichwa kati ya akina mama waliofika, nisikione, nikafikiri amekaa kule mbele na wazee. Sketi ilichomwa na cheche moja hapa, karibu na goti. Tulipomaliza, Mama Zippy alinifungia pilau, akatazama masizi yangu akasema niwe nikija kila wiki, na kwamba nisitarajie kusifiwa.

Nilimkuta Mama Wangechi sebuleni, miguu ndani ya karai la maji ya moto. Viatu vyake vyeusi vya kanisa vilikuwa mlangoni, vimejaa vumbi, na nikakumbuka baadaye kwamba hakuwa na desturi ya kwenda kufagia na viatu vile. Hakuwasha redio. Alinitazama kuanzia kichwani, akafika kwenye ile cheche ya sketi, akakaa hapo. "Umetoka wapi?" Nikamwambia nimetoka kwa Mama Zippy, yule mpishi, na amenichukua moja kwa moja. Nilisema haraka haraka, furaha ilikuwa inanikata pumzi. "Na karamu?" akauliza. Nikasema, "Karamu ilikuwa nzuri, Mama. Asante sana." Nilimaanisha kila neno. Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, kama mtu anayemwangalia mtoto wa jirani na kugundua amekuwa mrefu. "Hii ya masufuria ndiyo unataka?" Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini. "Ndiyo." "Ni kimoja?" "Ni kimoja." Akatoa mguu mmoja kwenye karai, akaufuta polepole, kisha wa pili. "Haya basi. Rete hiyo pirau tuone." Akala yote. Akasema chumvi ni kidogo. Krismasi ilipofika hakuuliza tena, na Mzee Njoroge hakuja tena kunywa chai, jambo ambalo nililiona na sikulishughulikia, kwa maana Jumamosi zangu zilikuwa zimejaa.

Mtu asidhani nilitulia. Mama Zippy alipozeeka nikarithi sufuria zake, nikaoa kazi hii kwa harusi isiyo na mchungaji, na mara ngapi nimetaka kuitoroka. Nimewahi kununua mizinga ya nyuki. Nimewahi kusomea ukutubi kwa posta, nikaacha siku nilipoelewa namna vitabu vinavyopangwa. Hata sasa kuna vyombo vya ufinyanzi kwenye stoo yangu vya kuniaibisha. Lakini kila nilipofungasha, nilikumbuka sauti ile ikipita kwenye nyufa za mbao: huyo ni wa karamu. Nikafungua mizigo. Vijana huniuliza, hasa wale walio na vipaji kila kidole na hawalali, wewe ulijuaje kazi yako ni hii? Na mimi jibu langu limekuwa lile lile, nimelitoa kanisani, nimelitoa shuleni siku za kuzungumza na watahiniwa: sikujua mimi, aliyejua ni mtu aliyenitazama. Tafuta mtu akutazame. Nililisema kwa uzito, mikono nimeifumbata mbele, na watu walinipigia makofi.

Sasa nilikuwa nimesimama Gatongora na mchuzi wa njegere kwenye kiatu, na Nyambura alikuwa anangoja jibu. Nikamuuliza mama yake alimwambia nini. "Alisimama kwa geti ya hiyo ofisi mpaka wakafunga," akasema. "Mzee Njoroge anatoka, anauliza msichana ako wapi, anarudi ndani. Alikuwa amemuomba huyo mzee mwaka mzima akupatie hiyo nafasi ya karani. Wakakosana." Nikamuuliza kama alinikasirikia. "Siku hiyo tu. Halafu akaanza kutuimbia wewe. Auntie, unajua nimesikia jina yako mara ngapi?" Na hapo sauti yake ikabadilika, nikaelewa kwamba swali lake halikuwa la mazungumzo ya jikoni. Nyambura alikuwa mwalimu, akaacha. Akauza bima, akaacha. Akafungua duka la dawa za mifugo Theta, na sasa amelifunga na jioni anasomea upimaji wa ardhi pamoja na watoto wa umri wa mwanawe. "Kila nikitoka mahali, Mama ananiambia: ungekuwa kama Mutheu. Mutheu aliwekewa karamu kwa mkono, kazi ya kukaa chini ya kivuli, na akaniangalia kwa macho akasema ilikuwa nzuri, asante, rakini mimi najua kitu nataka. Hata hakuogopa. Hiyo ndio nataka uniambie kabla tumzike. Ulijua aje? Kwa sababu mimi sijui, na nimefika hapa."

Nikaketi juu ya gunia la viazi. Mimi nilidhani Mama Wangechi ndiye aliyeamua, na yeye alidhani nimeamua mimi, na katika nyumba ile ya watu wawili na redio ya mahubiri hakuna aliyeamua kitu. Kwanza nilikasirika, sijui na nani, labda na yule mwalimu wa kofia. Halafu nikaogopa uoga wa zamani kabisa, ule wa stoo. Hakuna aliyekuwa amenitazama akaniona mtu wa karamu. Aliponitazama aliona karani. Nikataka kumweleza Nyambura, na hilo nalo likawa kazi. "Nilisikia karamu," nikamwambia. "Eeh, karamu." "Hapana. Yeye alisema kalamu, mimi nikasikia karamu." "Auntie, unasema kitu moja mara mbili." Nikainua mkono nikaandika hewani, kisha nikakusanya vidole nikavipeleka mdomoni. Nikaandika tena, nikala tena, mwanamke mzima, juu ya gunia. Nyambura akafuata mkono wangu, midomo yake ikajaribu maneno yale mawili bila sauti. "Haiya," akasema pole pole. Tukacheka mpaka wapishi wangu wakageuka, na tulipofuta macho ilikuwa si kicheko tena. "Kwa hivyo hukumkataa," akasema. Nikamwambia sikumkataa. "Na hukuchagua." Nikainama nikafuta mchuzi kwenye kiatu. Akatazama nyumbani. "Nimeandika kwa wasifu vile ulikataa. Imeshachapishwa. Nifanye nini?" Nikamwambia aisome ilivyo, mama yake alikuwa ameipenda hivyo.

Mazishini nilisimama nyuma, karibu na sufuria, aproni juu ya nguo nyeusi. Karatasi ya wasifu niliikunja mfukoni, nilikuwa nimeisoma: alimtafutia Mutheu kalamu, naye akaikataa, na Mama akamheshimu kwa hilo. L ilikuwa imeandikwa vizuri. Nyambura akasimama kwenye kipaza sauti, akasoma kuzaliwa kwa mama yake, ndoa, watoto, kanisa. Alipofika kwangu akasita, akainua macho kutoka kwenye karatasi akanitafuta kule moshini. "Mama alimtafutia Mutheu karamu," akasema, kwa R ya nyumbani kwao, "na Mutheu akaipokea." Watu wakageuka wakatazama sufuria, wakatikisa vichwa kukubali, maana chakula walikuwa wanakinusa tangu asubuhi. Nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia alichosoma. Nililia hapo bila kujificha, na machozi yangu yakachukuliwa kuwa ya msiba, ambayo pia yalikuwa.

Tulipotoka kaburini foleni ikajipanga, na Nyambura akapita wazee wote akaja mbele na sahani yake kama mtoto. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia. Nikamwekea wali, nikamwekea njegere, naye hakuondoka. "Hukunijibu jana," akasema. "Ulijua aje?"

"Sikujua," nikamwambia. "Nilisikia vibaya."

"Halafu?"

Nyuma yake watu walikuwa wanasogea, mzee mmoja alikuwa ameanza kukohoa kwa makusudi. Nikatazama mwiko, ule ule mrefu wa Mama Zippy, mpini umebonyea pale mkono wangu unapokaa.

"Halafu nikabaki," nikasema, nikamwongezea nyama.